Shahidi wa Pili

Sekela, mama yangu,

Musa alipanda mlima kwa miguu, akashuka na mbao mbili za mawe, akazivunja siku hiyohiyo. Mimi nilipanda kwa lifti hadi ghorofa ya kumi na moja, hapahapa Sanyuanli, huku kwa Wachina, nikaandika sheria nzima kwenye kifuniko cha boksi la televisheni, na hadi leo hakijakunjika hata pembe. Sasa sema mwenyewe, kati yetu nani aliitunza kazi yake? Tena yeye alilelewa ikulu kwa Farao, akasomeshwa. Baba yako kaishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikisomea dirishani.

Najua umecheka. Cheka kabisa, uimalize, kwa sababu mbele huko barua hii inaacha kuchekesha.

Sasa hivi uko Kangle na mama yako, kwa yule dada Mkongo anayesuka nywele juu ya karakana ya kushona. Kichwa chako ni kikubwa kama changu, kwa hiyo nina muda. Sanduku lako liko hapa mlangoni. Limefungwa, likapimwa, likafunguliwa, likapimwa tena. Sitakuandikia habari za sanduku. Sitakuambia ule nini, ulale saa ngapi, wala upige simu siku gani. Mama yako ameshayasema yote, na mengine ameyarudia kwa Kinyakyusa ili yakuingie vizuri. Mimi nina jambo moja tu, na kesho uwanja wa ndege sitaliweza. Kule nitakuwa najifanya ninagombana na watu wa mizani ili usiyaone macho yangu.

Jumanne ulipokuwa unapanga nguo, uliweka shali la zambarau chini kabisa. Nikakuuliza ni la nani. Ukasema, "La Mama Aneth, baba. Nikifika, likizo ya kwanza nitamtafuta Mwanza. Nataka nimwambie kwamba tulishamsamehe." Nikakujibu, "Vizuri, mama." Kisha nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikasimama kuyatazama maji kama mtu ambaye hajawahi kuyaona.

Na Jumapili, kikundi kilipokuaga, ulisimama mbele ya watu ukasema unakwenda kusomea sheria kwa sababu ulipokuwa mtoto wa miaka kumi na moja ulimwona baba yako akihukumu kesi ya Mama Aneth. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama kama msanii. Mama yako hakupiga. Wewe hukumwona, ulikuwa unafuta machozi. Mimi nilimwona.

Basi kabla hujampelekea yule mama msamaha, na kabla hujaifanya siku ile kuwa msingi wa maisha yako, lazima uijue. Nitaanzia mbali kidogo. Nivumilie, baba yako hajawahi kufika mahali kwa njia fupi.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilivunjika mguu. Nyumbani niliwaambia ni ajali. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwonyesha Elieza, ambaye tulikuja naye pamoja kununua jinzi, kwamba naweza kuruka ngazi nne za metro kwa mpigo. Niliruka tatu vizuri sana. Nikalala chumbani wiki sita, na kitu pekee cha Kiswahili nilichokuwa nacho kilikuwa Maandiko aliyoyaficha bibi yako katikati ya mashati yangu. Nikaanza mwanzo. Ukifika kwenye sheria za Torati, watu wenye miguu mizima huwa wanaruka kurasa. Mimi nilishajifunza kuruka kunaleta nini.

Nikashangaa, Sekela. Nilidhani Mungu anashughulika na mbingu tu. Kumbe anauliza habari za ng'ombe wa jirani aliyepotea: umemrudisha, au umejifanya hukumwona? Anauliza mawe yako ya mizani, mbona mfukoni una mawili, moja zito na moja jepesi? Anauliza nguo uliyochukua rehani kwa maskini, mbona jua limezama na bado iko kwako, naye atajifunika nini? Nikakaa kitandani na mguu wangu mweupe kama nguzo, nikasema hii si dini ya Jumapili, hii ni serikali. Waamuzi wamekaa langoni pa mji, watu wanaingia na kutoka, kila mtu anasikia. Wazee wamechaguliwa kwa sababu wanachukia zawadi. Na hata mfalme, siku akipatikana, anaambiwa akae chini ainakili sheria kwa mkono wake mwenyewe, aisome kila siku, asije akajiona yuko juu ya ndugu zake. Kwa hiyo mfalme hakuwa mwenye sheria. Sheria ilikuwa ya Mwingine, yeye aliazimwa kiti.

Hilo la kiti nilipaswa kulikariri. Nilikariri la ng'ombe.

Wakati ule sisi wafanyabiashara wa bara tulikuwa tunagombana kama watoto wa shule. Unajua tunavyofanya kazi. Mtu mmoja mdogo hajazi kontena, kwa hiyo tunajaza pamoja, kumi au kumi na tano, na kila robota limeandikwa alama ya mwenyewe kwa kalamu nene nyeusi. Alama ndiyo inayosema hili ni la Elieza, hili ni la Mama Sekela. Alama ikikosewa, mzigo wako unafika kwa mwingine, na huna pa kwenda kulia. Polisi? Na Kichina chetu kile cha vidole na kikokotoo? Basi watu walikuwa wanashikana mashati mbele ya ofisi za mizigo, Wachina wanasimama kutazama, wengine wanachukua video.

Nikaita watu wa kikundi cha maombi. Nikawaambia, Israeli walitoka utumwani hawana mahakama wala kituo cha polisi, wakafunga agano. Na sisi tufunge. Nikaandika kanuni tisa kwenye kile kifuniko, kwa kalamu ileile ya mizigo. Watu niliwaambia nimekataa kumi nisionekane naiga. Tukaramba chumvi, maana hata wale wa zamani walikuwa na agano la chumvi. Chumvi yenyewe nilipewa na mwenye mgahawa wa tambi hapo chini, na hadi leo anadhani ilikuwa dawa ya koo. Kila kanuni ilipokwisha, nikasoma laana yake kwa atakayeivunja, na watu wote wakaitikia "Amina." Siku ile waliniita Jaji, na jina likanata.

Kanuni ya tatu unaikumbuka: alama ya robota ni kama jiwe la mpaka wa shamba, asiiondoe mtu. Ya sita: mtu hahukumiwi kwa shahidi mmoja, lazima wawe wawili. Ya saba: shahidi akidanganya, yampate yeye lilelile alilotaka limpate mwenzake. Ile ya mfalme kutojiona yuko juu ya ndugu zake nilitaka iwe ya kumi. Nafasi ikaisha. Niliandika jina langu kubwa mno pale chini.

Nilihukumu vizuri, usidharau. Miaka mitatu hakuna shati lililoshikwa. Mama Aneth, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake wa Kangle, alikuwa akiniambia, "Jaji wa kidato cha pili, ungefika cha nne ungetufunga wote." Nilimpenda kama dada. Alikuwa ananunua nguo za watoto, peke yake, na binti yake Aneth rika lako. Mlikuwa mnaruka kamba kwenye korido hadi jirani Mchina anatoka na sufuria mkononi.

Kisha ikaja ile mvua ya mwezi wa tano. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, Elieza akapita ghalani tunakokusanyia mizigo, akakuta marobota yake mawili ya jinzi yamekaa kwenye rundo la Mama Aneth, yana alama ya Mama Aneth. Mchana tukakaa barazani, yaani sebuleni kwetu, watu kama ishirini, wengine wamekalia mizigo.

"Jaji, mimi sina maneno mengi," Elieza akasema. "Ijumaa niliacha mzigo wangu, una alama yangu. Jana jioni napita, namkuta huyu mama ameinama palepale, ana kalamu. Leo alama ni yake. Unganisha mwenyewe."

Mama Aneth akasema, "Kalamu ninayo. Na wewe unayo. Na Jaji anazo mbili, moja ya mizigo na moja ya Torati. Tumkamate na yeye?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kiliniuma, Sekela, kwa sababu kilikuwa chake. Kwenye sebule ile aliyekuwa anachekesha watu ni mimi.

"Mama Aneth, hapa ni barazani."

"Samahani mheshimiwa. Nilipoona viatu vyako chini ya meza nikadhani ni nyumbani kwako."

Wakacheka tena. Nikasimama, nikasoma kanuni ya tatu na laana yake. Watu wakaitikia "Amina," na Mama Aneth akaitikia kwa sauti kuliko wote. Nikasema moyoni, huyu mwanamke hana haya. Haikunijia kwamba anayeiitikia laana kwa nguvu namna ile ni mtu asiye na cha kuogopa.

"Sasa soma na ya sita, Jaji," akasema.

Nikaisoma. Ningefanyaje, ilikuwa ukutani.

"Nani mwingine angekuwepo?" Elieza akalalamika. "Mvua ilikuwa inanyesha, bwana!"

"Basi hakuna kesi," Mama Aneth akasema, akafunga zipu ya mkoba wake. "Tule, watoto wana njaa."

Hapo ndipo alipopatikana shahidi wa pili. Ulikuwa mlangoni pa jikoni na Aneth, mnamenya karanga. Ulimwona baba yako anashuka kwenye kiti cha hukumu, anakwenda kusimama upande wa Elieza, anasema na yeye alipita ghalani jioni ile na alimwona Mama Aneth akiandika juu ya robota la mwenzake. Kisha ulimwona anarudi kwenye kiti na kuhukumu. Ulisema mwenyewe Jumapili kwamba hapo ndipo ulipoipenda sheria: baba anatoa ushahidi dhidi ya rafiki yake, kwa uchungu, kwa sababu ukweli ni ukweli.

Mama Aneth hakuniita Jaji. Alisema, "Uliniona, Baba Sekela?"

"Nilikuona."

Akamshika Aneth mkono na karanga zake, wakatoka. Hukumu ilikuwa kwamba hakuna wa kujaza naye kontena. Kwa mtu mkubwa hiyo ni adhabu. Kwa mama mwenye marobota sita ni kufukuzwa nchi. Hakumaliza miezi miwili.

Na lipo lako, ambalo sitaki ulibebe, kwa hiyo nalichukua leo. Wiki ya kuondoka kwao Aneth alikuja kugonga mlango. Alikuwa na ile kamba yenu ya kuruka. Nilikuwa nimekukataza. Ulisimama nyuma ya mlango, kiganja mdomoni, hadi akaacha kugonga. Ulipofungua, kamba ilikuwa imefungwa kwenye kitasa. Nilikuwa sebuleni, niliona yote. Nikakusifu kwa utii. Mlango ule niliufunga mimi. Wewe ulikuwa mtoto unayemwamini baba yake.

Miezi minne baadaye nilipeleka mzigo, nikamkuta laoban wa ghala, yule bosi mwenye meno ya dhahabu, anaweka paa jipya. Kwa vidole na kikokotoo chetu akanieleza kwamba zile mvua za mwezi wa tano paa lilivuja, wino ukaoshwa kwenye marobota mengi, na usiku ule wa Jumamosi wafanyakazi wake wakaandika alama upya kwa kubahatisha. Nikamwonyesha alama ya Elieza. Hii je? Akacheka, akapunga mkono. "Meiyou, meiyou." Hakuna, hakuna. Zilikuwa zimefutika.

Kwa hiyo Mama Aneth hakuhamisha alama ya mtu. Jioni ile alikuwa anaandika upya za kwake zilizolowa. Elieza hakudanganya. Aliona mtu ameinama ana kalamu, akasema aliona mtu ameinama ana kalamu. Alikosea kuunganisha, lakini alisema alichokiona tu. Siku nikipata ujasiri nitamweleza, maana na yeye amebeba kisichokuwa chake.

Nilirudi kwa lifti, nikapita chini ya kifuniko changu ukutani, nikala, nikalala. Sikumwambia mtu. Nikajiambia, mvua ndiyo iliyomhukumu. Nikajiambia, hata Elieza aliona. Nikajiambia, nikilitangaza hili watu wataliacha agano, watarudi kushikana mashati, je, hiyo ndiyo haki? Unaona nilivyo hodari wa kujitetea? Ungenisomesha mimi hiyo sheria ningekuwa hatari.

Mama yako aliniuliza mara moja tu, usiku wa siku ya hukumu. "Uliona kweli?" Nikamwambia, "Nisingeona ningesema?" Hakuniuliza tena. Lakini uliwahi kuniuliza kwa nini mama nikiomba mimi haitikii "Amina." Nikakujibu ana koo baya. Miaka minane, Sekela. Kooni hana tatizo.

Katika habari za wafalme kuna mmoja aliyetamani shamba la mizabibu la jirani yake. Jirani akakataa kuliuza, lilikuwa la baba zake. Malkia akasema niachie mimi. Akaagiza watafutwe mashahidi. Wangapi? Wawili! Si mmoja, wala watatu. Kila kitu kilifuatwa, wazee wakakaa, watu wakakusanyika, sheria ikatimizwa hadi nukta, na mtu akafa hana kosa. Nilisoma habari ile na mguu wangu mbovu nikampigia kelele yule malkia mpaka Elieza akadhani nina homa. Tangu ile mvua sijaweza kuusoma ukurasa ule. Nikiufikia naruka. Yaani nimerudi kuruka.

Unakwenda kufundishwa mambo ya mashahidi na watu waliosoma. Watakufundisha kuwahesabu. Mimi ninachokijua ni hiki kimoja: siku ile sheria ilikuwa nzuri. Ilimlinda Mama Aneth kabisa. Ilikuwa imepungukiwa na mtu mmoja tu ili imwangamize, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha sheria hiyohiyo, jina lake kubwa limeandikwa chini yake, na watu walikuwa wamemcheka.

Jumapili hii, wewe ukiwa umeshafika, nitakishusha kifuniko ukutani, nitasoma kanuni ya saba kwa sauti. Unajua inasema nini. Mzigo wangu utatoka kwenye kontena, kama wake ulivyotoka. Nimeshamwambia mama yako, jana. Alikuwa anakunja blauzi zako. Hakugeuka. Akasema, "Umechelewa, Baba Sekela." Halafu baada ya kukunja blauzi mbili akasema, "Lakini soma kwa sauti." Ukiona hapigi kelele kesho uwanjani, ujue sababu si wewe.

Shali usilitoe sandukuni. Mpelekee, ni zuri, na rangi ile aliipenda. Msamaha ndio uuache hapa, huna wa kumpa. Na ile kamba iko kwenye mfuko wa nje wa sanduku. Niliitunza. Mpe Aneth, umwambie mlango aliufunga nani.

Mama Aneth anaweza kukufukuza. Asipokufukuza, atakuuliza, kwa sababu kwa miaka minane hii lazima amejiuliza: Baba Sekela alimwona nani jioni ile akadhani ni mimi? Atakuwa ameniwekea mtu mwingine pale mvuani, mwanamke wa kimo chake, ili asiamini kwamba nilimfanyia vile nikiwa najua. Mwambie hakukuwa na mwanamke. Mwambie baba yangu hakukosea kuona. Jioni ile alikuwa amenunua suti mpya, na chumbani kwetu hatukuwa na kioo kirefu. Alikuwa kwenye lifti. Alikuwa anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, anajitazama.

Sikukanyaga ghalani, Sekela. Sikuona kitu.